Shemeji hanywi, wewe wapenda mvinyo: nendeni Sisilia, ila kaeni magharibi

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, mume wangu ni wa Tanga, tunaishi Birmingham. Tunatimiza miaka kumi ya ndoa na tumepata likizo ya siku nane mwishoni mwa Septemba. Napenda chakula kizuri na mvinyo, na wenzangu kazini wamenijaza maneno kuhusu Sisilia. Tatizo ni kwamba mume wangu ni Mwislamu, hagusi pombe wala nguruwe. Naogopa nitamburuta kisiwa kizima akinywa soda na kula chipsi. Halafu mmoja anasema tuzunguke kisiwa chote, mwingine anasema tukae Taormina tu. Nisaidie.

JIBU: Dada, nendeni. Na hilo la kumburuta liondoe moyoni, maana nimepeleka wageni wengi kule tangu nilipoacha kupika hotelini Palermo, na mara nyingi asiyekunywa ndiye anayerudi na hadithi ndefu zaidi. Mnywaji anakumbuka glasi sita. Asiyekunywa anakumbuka kila sahani.

Nianze na ramani, kwa sababu wengi huharibia safari hapo. Sisilia ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote Mediterania, kina kilomita za mraba zaidi ya 25,000. Kwa kipimo chetu ni karibu sawa na Rwanda nzima, tena yenye milima katikati. Mara yangu ya kwanza nilikodi gari nikajipangia kukizunguka chote kwa siku saba. Nilichokiona zaidi ni makalio ya malori. Kila shamba la mizabibu nililofika, nilifika saa nane mchana, geti limefungwa na mwenyewe kalala. Na Palermo niliingia mara tatu kwenye mitaa ya katikati ya mji ambayo magari ya wageni hayaruhusiwi, nikitafuta pa kuegesha. Sikuona askari yeyote, nikajipongeza. Kumbe kuna kamera. Faini zilinifuata nyumbani miezi kadhaa baadaye, bahasha moja moja. Kibao chake kimeandikwa ZTL; mkikiona, geuzeni.

Kwa hiyo chagueni upande mmoja. Mashariki kuna Catania, Siracusa, Taormina na mlima Etna. Magharibi kuna Palermo, Trapani na Marsala. Kwa siku nane, mwezi wa tisa, na kwa nyinyi wawili, mimi nasema magharibi, na sababu yangu kubwa ni sahani ya shemeji.

Waarabu kutoka Afrika Kaskazini walishuka Mazara, pwani ya kusini-magharibi, mwaka 827. Palermo ikawa mikononi mwao mwaka 831 mpaka Wanormani walipoichukua 1072. Walikuja na mifereji ya kumwagilia, ndimu, machungwa machungu, miwa, na vyakula vyao. Watawala walibadilika, ila jikoni hapakubadilika sana, hasa upande huu wa magharibi. Wewe mtu wa Dodoma utacheka utakapoona chupa imeandikwa Zibibbo. Ni aina ya zabibu, na jina ni lile lile tunalotumia sisi, limetoka kwenye Kiarabu kama letu. Zafarani wanaiita zafferano. Kiongozi wa wavuvi wa jodari anaitwa rais. Shemeji na Kiswahili chake cha Tanga atakuwa anaokota maneno kama anayeokota embe chini ya mti.

Na mpeleke kwenye kanisa kuu la Palermo, ukumbi wa upande wa kusini. Nguzo ya kushoto imechongwa aya ya Kurani, ya 54 katika Sura Al-A'raf, na imebaki hapo mlangoni mwa kanisa karne na karne. Katika mji huo huo, mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi alimaliza kitabu chake kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili. Ndani yake anataja Malindi na Mombasa zetu, na anataja pia Trabia, kijiji cha jirani na Palermo, ambako anasema walitengeneza tambi kavu na kuzisafirisha kwa merikebu kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Miaka mia na zaidi kabla ya Marco Polo kurudi kutoka Uchina, Dada. Ukisikia mtu anasema tambi zililetwa Italia na Marco Polo, mwache amalize, kisha mwagizie sahani.

Basi Palermo siku tatu. Fikieni mjini, msichukue gari bado. Asubuhi nendeni soko la Ballarò na njaa. Muuza panelle ana karai la mafuta na rundo la vipande vyembamba vya unga wa dengu uliosongwa kama ugali laini, ukatandazwa, ukapoa, ukakatwa. Anavitupa kwenye mafuta, vinavimba kidogo, vinapiga rangi ya dhahabu pembeni, anaviopoa na kuvipanga ndani ya mkate wenye ufuta juu, chumvi, limau, basi. Ni bajia iliyokwenda shule. Hakuna nyama ndani, ila mwangalie amekaanga nini kingine kwenye karai hilo hilo. Pweza wa kuchemsha pia yupo, anakatwa mbele yako na kumwagiwa limau, na hapo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa.

Lakini usimwachie shemeji kula kila kitu kwa sababu tu kinafanana na cha kwao. Kuna maneno matatu ya kukariri: maiale, ambalo ni nguruwe, strutto, mafuta ya nguruwe, na vino. Hilo la strutto ndilo linalowapita wengi. Mkate wa wengu, pani ca meusa, ambao kila mwongozo wa watalii unausifu, ni wengu na mapafu ya ng'ombe, sawa, lakini yamekaangwa kwenye strutto. Arancina, lile donge la wali la kukaanga, likiitwa "al burro" lina nyama ya nguruwe ndani, na la nyama ya kusaga mara nyingi imechanganywa. Aulize la mchicha au la biringani. Cannolo, kile kitamutamu cha ganda la kukaanga lililojazwa krimu, ndiyo kesi inayoniuma: ganda lake hukandwa na strutto na mvinyo wa Marsala. Dawa yake ni kuomba ile krimu ya ricotta, jibini laini, peke yake kwenye kikombe. Watakushangaa kidogo, watakupa. Biskuti na mikate laini ya asubuhi pia ulizeni. Kama shemeji anajali hata kimeng'enya cha kugandishia jibini, basi jibini za kondoo aziache, maana hugandishwa kwa tumbo la mwanakondoo ambaye hakuchinjwa kwa bismillahi.

Kinachobaki ni kingi. Tambi na sadini, pasta con le sarde, ndiyo chakula cha Palermo kama pilau ilivyo ya Jumapili kwetu: sadini wabichi, majani ya shamari ya porini, zabibu kavu, kokwa za msonobari, zafarani, na juu badala ya jibini wananyunyiza chenga za mkate zilizokaangwa. Mara ya kwanza utaona kama mtu amechanganya makabati mawili. Tonge la tatu unaelewa. Halafu caponata, biringani za kukaanga zilizoungwa kwa siki na sukari, na zeituni na kaperi. Iagizeni baridi, siku ya pili ndiyo tamu, na mwenye mkahawa mzuri hatakupa ya leo. Kuna sharubati ya lozi, nyeupe, baridi, inayoitwa latte di mandorla. Kuna granita ya limau, na ya forosadi ikiwa bado haijaisha msimu. Na kuna cubbaita, ufuta na asali na lozi vilivyopikwa pamoja na kukatwa vipande. Shemeji ataiita kashata, na sioni wa kumbishia.

Siku ya nne chukueni gari mwende Trapani, kilomita kama mia moja, mwendo wa saa moja na nusu. Fanyeni Trapani au kijiji cha jirani kuwa kambi yenu mpaka mwisho. Hapa chakula chenyewe ni kuskusi, na hapa nitakaa kidogo.

Nilijifunza kwa mama mmoja jirani yangu ambaye hakuwa na mizani ndani ya nyumba. Alikuwa na bakuli pana la udongo lenye kuta zilizolala, mafaradda wanaliita. Anamwaga suji konzi moja, ananyunyizia maji ya chumvi kwa ncha za vidole, kisha anazungusha mkono ndani ya bakuli, vidole vimepanuka, duara baada ya duara, hadi unga unajikusanya kuwa chembe chembe. Konzi nyingine, maji tena, mkono tena. Inachukua karibu saa nzima, na hiyo kazi ina neno lake, incocciare. Akimaliza anachanganya kitunguu, mafuta ya zeituni, pilipili manga na jani la bei, anaitia kwenye chungu chenye matundu, anakipandisha juu ya sufuria ya maji. Pale vyungu vinapokutana anaziba kwa utepe wa unga uliokandwa ili mvuke usitoroke, kama biriani inavyozibwa. Saa moja na nusu baadaye anaigeuza bakulini, anaimwagia supu ya samaki, kisha anaifunika na blanketi la sufu. Blanketi la kulalia, Dada. Kuskusi inalala humo saa nzima ikinywa supu. Kwetu tunapalia makaa juu ya kifuniko. Yeye alipalia blanketi.

Kwa hiyo mkahawa ukikuambia kuskusi itakuwa tayari dakika kumi, ni ya pakiti. Ulizeni kama imefanywa kwa mkono, na kama inabidi kuagiza tangu jana, mko mahali sahihi. Supu kwa kawaida ni samaki, nyanya, kitunguu saumu na lozi, ila neno vino lisisahaulike kuulizwa. San Vito Lo Capo, kilomita kama 40 kutoka Trapani, hufanya tamasha la kuskusi kila Septemba tangu 1998, na wapishi huja kutoka nchi nyingi. Tarehe zenu zikiangukia humo, nendeni mchana mmoja, mle, muogelee, mrudi. Kulala msijaribu; vyumba vinapanda bei na barabara ni moja.

Trapani pia kuna busiate, tambi zilizosokotwa kwenye kijiti, na mchuzi mbichi wa lozi, nyanya, kitunguu saumu na rihani uliopondwa kwenye kinu. Hauna nyama wala pombe. Ningeweza kula huo tu wiki nzima.

Sasa siku yako wewe. Marsala iko kilomita kama 30 kusini, na njia ya pwani inapita kati ya mashamba ya chumvi yenye vinu vya upepo. Simameni jioni jua linapozama, halafu endeleeni. Najua Uingereza unaijua Marsala kama kitu cha kumwagia kuku. Sahau. Wenyeji walikuwa na desturi ya kuweka mvinyo wao bora kwenye pipa ambalo haliishi: ukitoa kidogo, unajazia wa mwaka huu juu ya ule wa babu. Mwaka 1773 mfanyabiashara Mwingereza, John Woodhouse, akaonja, akaona soko kwao, akauongezea pombe kali ili ustahimili safari ya bahari. Ndiyo ikawa Marsala ya kibiashara. Mwaka 1833 Vincenzo Florio akajenga kiwanda chake mbele ya bahari, na maghala yale bado yapo. Baadaye watu waliuharibu kwa kutia mayai na sukari, mpaka jina likawa la jikoni.

Ukifika omba wa aina ya Vergine. Huo umekaa kwenye pipa miaka isiyopungua mitano, na ukiandikwa Stravecchio ni kumi. Hauna utamu. Pua inapata lozi, ganda la chungwa lililokauka, na kitu kama chumvi ya upepo wa bahari. Ni mkali, asilimia 18 au zaidi, kwa hiyo si wa kubugia. Unywe kabla ya chakula, na kipande cha mayai ya jodari yaliyokaushwa. Baada ya hapo omba Grillo, mweupe wa kawaida uliotokana na zabibu zile zile za Marsala, uone tunda moja linavyokwenda njia mbili. Mvinyo mtamu wa Zibibbo, passito, uache wa mwisho. Ule bora hutoka kisiwa cha Pantelleria, kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko na Sisilia, ambako mzabibu hupandwa ndani ya kishimo ili upepo usiung'oe. Namna hiyo ya kupanda iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Kwenda Pantelleria kwenyewe msijaribu safari hii. Upepo huo huo unaoinamisha mizabibu huzuia meli.

Weka miadi ya kuonja kwa barua pepe wiki mbili kabla, saa nne au tano asubuhi, tumbo likiwa na kitu. Viwanda viwili kwa siku vinatosha. Jumapili wengi hufunga. Chombo cha kutemea kipo mezani kwa kazi hiyo, na hakuna atakayekuona mshamba. Mshamba ni yule anayemaliza kila glasi halafu wa tano anausifu kwa kelele. Dodoma mmezoea kuvuna mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja, na mwishoni mwa Septemba magharibi wanakuwa wanamalizia, kwa hiyo usitegemee kukuta mashada mengi. Harufu ya maji ya zabibu yanayochacha itakuwepo kila kijiji.

Shemeji je? Hapa niseme kwa heshima. Wapo Waislamu wanaokaa mezani mwenzao akinywa, wapo wasiokaa kabisa, na mimi siwezi kumsemea mume wa mtu. Ongeeni hilo Birmingham, msije mkaliongea mbele ya mwenye kiwanda. Kama anakaa, waandikie kabla kwamba mmoja hanywi. Wengi wana mizeituni yao na watamwekea mafuta ya kuonja na mkate. Aulize ni ya msimu gani, kwa sababu mavuno ya zeituni huanza Oktoba, na mafuta ya Septemba yana karibu mwaka. Kama hakai, Marsala ina makumbusho ufukweni yenye mabaki ya merikebu ya Wakarthago ya karne ya 3 KK, iliyookolewa baharini miaka ya 1970. Kwenye mbao zake kuna alama za herufi za Kifoinike, za kuwaonyesha mafundi ubao upi unakwenda wapi. Mtu wa Tanga aliyekulia karibu na majahazi atahitaji zaidi ya saa moja humo. Wewe onja, yeye atazame mbao, mkutane saa saba kwa chakula.

Na jambo ambalo wake wengine wanakuonea wivu: una dereva. Kiwango cha Italia ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na Vergine mbili zinatosha kukutia wasiwasi.

Zibakize siku mbili bila ratiba. Moja iende Mazara del Vallo, pale pale waliposhuka Waarabu, ambako leo kuna jamii ya Watunisia waliokuja kuvua miongo iliyopita. Shemeji ataipata nyama ya halali na chai ya nanaa, na wewe utapata kamba wekundu wa Mazara, wanaoliwa wabichi na mafuta ya zeituni. Nyingine iende kisiwa cha Favignana kwa boti kutoka Trapani, mkaone kiwanda cha zamani cha jodari ambacho sasa ni makumbusho.

Etna? Naipenda sana. Mvinyo wake mwekundu wa Nerello Mascalese, kwenye matuta ya mawe meusi ya volkano, ni mwembamba na wenye kina kuliko chochote cha magharibi. Ila kule zabibu nyekundu huvunwa Oktoba, na safari yake ni nyingine. Taormina ni pazuri pa kupiga picha na pa kulipa bili.

Mambo ya karatasi upesi. Kama bado mna pasi za Tanzania, kibali cha kuishi Uingereza hakiwaingizi Italia. Mnahitaji viza ya Schengen, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, na mwisho ni siku 15 kabla, ila nafasi za miadi hukaba, kwa hiyo anza leo. Kurudi, kila mtu mzima anaruhusiwa lita 18 za mvinyo wa kawaida bila ushuru, lakini Marsala inahesabiwa na mvinyo ulioongezwa nguvu, lita 9. Jibini na nyama kutoka Ulaya, Uingereza ilipiga marufuku kuingia nazo Aprili 2025, kwa hiyo ile ricotta iliwe huko huko. Kashata za ufuta hazina shida. Nunueni za kutosha, hazifiki nyumbani.